Betri Mbili za Mashua ya Baba

Betri nyepesi ni mbaya bila ubishi. Betri nzito huenda ikawa nzuri. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mteja anayeingia dukani kwangu Ushirombo, na mara nyingi ndilo la mwisho analolisikiliza. Akishalijua, anaanza kunyanyua betri zote zilizo sakafuni, moja baada ya nyingine, mpaka kiuno kimuume. Huwa namwacha. Nimeuza na kuchaji betri zaidi ya miaka kumi sasa, na bado sijamwona mtu anayeiamini betri ambayo hajainyanyua mwenyewe.

Wengi wao ni wakulima wenye paneli moja juu ya bati, na wachimbaji wadogo wanaotaka taa na feni ya kupeleka hewa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu. Wakulima huja na maswali. Wachimbaji huja na haraka. Mmoja aliwahi kuniuliza kama nikiianika betri yake juani wakati inachaji haitakuwa tayari mapema zaidi. Nilimwambia ile si mihogo. Alicheka, lakini siku ile alirudi mara tatu kunichungulia mlangoni.

Nina kanuni chache na sizibadilishi kwa kubembelezwa. Kubwa kuliko zote ni kwamba siungi betri mpya na betri chakavu. Ukiziunga, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa kama betri moja, na ile mpya haipumziki tena. Mchana chakavu inakula chaji ya paneli bila kushiba; paneli ikishalala, inaanza kuinyonya mpya. Kwa miezi miwili hivi mtu hataona kitu. Baada ya hapo atakuwa na betri chakavu mbili. Mteja akisisitiza, namrudishia betri zake na nyaya zake, namtakia safari njema. Nimeivunja kanuni hiyo mara moja tu, kwa mtu mmoja, na nilijua ninachokifanya.

Mtu huyo ni baba yangu.

Watu wakisikia kwamba baba, Msukuma wa Samuye, Shinyanga, aliyekulia nyuma ya ng'ombe, alikuwa na mashua ya tanga, hucheka kwanza ndipo waulize. Maelezo yake ni mafupi. Mama alipofariki, baba alikwenda ziwani, upande wa Geita, kumtembelea rafiki yake kwa wiki mbili. Akakaa miaka tisa. Mwaka wa kwanza aliagiza maksai wake wauzwe, akanunua mashua ya mbao iliyokwisha kutumika, akaanza kubeba mihogo, mkaa na abiria kutoka visiwani hadi kwenye mwalo, ile pwani ya ziwa ambako vyombo hutia nanga. Wenzake wengi walikuwa wamehamia kwenye injini. Yeye alisema injini ni ng'ombe anayekula petroli na hatoi mbolea.

Alikuwa na mwenzake mmoja, Mzinza wa rika lake, mtu wa maneno machache aliyezaliwa palepale ziwani. Mwenzake alishika tanga. Baba alishika usukani kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia alichota maji. Mashua ile ilivuja, kama zinavyovuja nyingi za mbao. Waliziba viungo vyake kwa pamba na mafuta mazito, lakini maji yalipita tu, polepole, safari nzima. Kopo la lita tano lililokatwa mdomo ndilo lililoiweka juu ya maji. Baba alichota bila hata kuangalia, huku akiongea.

Kisha akapata kiharusi. Kilikuwa chepesi, daktari alisema, na kweli mdomo ulirudi sawa na mguu ukarudi sawa. Mkono wa kulia haukurudi. Uliweza kushika kikombe kitupu, si kilichojaa.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayekaa nyumbani kwetu pale Samuye, aliitisha kikao. Tulikuwa watatu: yeye, mimi mdogo wake wa kike, na baba, tumekaa kwenye viti vya plastiki barazani kwa baba kule ziwani, asubuhi. Kaka aliongea vizuri, kwa heshima, kama mtu aliyefanya mazoezi. Alisema mashua inavuja na mkono hauchoti. Alisema siku hizi kuna pampu ndogo za umeme zinazokaa chini ya mashua na kutoa maji zenyewe. Tuweke pampu. Ikifanya kazi, baba aendelee na ziwa lake. Ikishindwa, arudi nyumbani.

"Umesikia, baba?" kaka akamaliza.

"Nimesikia," baba alisema. "Haya."

Niliona mabega ya kaka yakishuka. Mambo yalikuwa yamekwisha bila mtu kukasirika. Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa betri katika ukoo, kazi yote ikawekwa mikononi mwangu.

Sasa niseme lililokuwa moyoni mwangu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Nilitaka baba arudi. Alikuwa akiishi peke yake kwenye chumba kimoja karibu na mwalo, akipika kwa mkono mmoja, akifunga vifungo vya shati kwa meno. Kila simu yangu ilipoita kwa namba nisiyoijua, niliiangalia kwanza kabla ya kupokea, nikijiandaa. Lakini sikuwahi kumwambia. Kwetu mtoto, hata awe na watoto wake na duka lake, hamwambii baba yake akae wapi. Unaweza kumwambia kuhusu pampu. Kwa hiyo nilinyamaza, na tukazungumza pampu.

Wiki iliyofuata alikuja Ushirombo kwa basi, akashuka mchana na gunia lenye kitu kizito alichobebewa na mwenye baiskeli mpaka mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Niletee hao ng'ombe niwaone."

Alimaanisha betri. Alizitaja zote kama ng'ombe kuanzia dakika ile, na mimi, bila kutaka, nikaanza kumjibu hivyohivyo. Nilimpangia mbele yake aina mbili. Nilimweleza kwamba betri ya gari imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kuwasha injini tu, kisha ipumzike. Ukiitumia kidogokidogo siku nzima mpaka iishe, ukairudia kesho na keshokutwa, inakufa mapema. Betri ya sola imeumbwa kwa kazi ya polepole. Pampu ya mashua ni kazi ya polepole, dakika chache kila saa, kutwa nzima, na juu yake kuna taa na redio.

"Huyu wa kukimbia, huyu wa kulima," alisema.

"Ndiyo."

"Basi nataka wa kulima."

Alinyanyua tatu kwa mkono wa kushoto, moja baada ya nyingine, akasimama kila mara akiwa ameshikilia, macho kayafumba. Aligonga ubavu kwa kifundo cha kidole. Akaniuliza meno ya huyu ng'ombe yako wapi, maana umri wa ng'ombe husomwa menoni, nikamwonyesha alama iliyopigwa kwenye plastiki inayosema betri imetengenezwa mwezi gani na mwaka gani. Hilo lilimfurahisha kuliko vyote. Betri inaweza kukaa ghalani mwaka mzima ikizeeka huku ikiwa ndani ya boksi jipya, na wateja wachache sana huuliza. Baba alichagua ambayo mimi mwenyewe ningeichagua, na nilijivuna kimoyomoyo, kama vile nilikuwa nimemfundisha mimi.

Nilipotaka kumtolea ya pili inayofanana nayo, akanizuia.

"Moja inatosha. Nyingine ninayo."

Akafungua gunia. Ndani kulikuwa na betri ya lori, kubwa, vichwa vyake vimeota unga mweupe, ubavu mmoja umevimba kidogo. Mwenzake alikuwa ameipata kwa ndugu yake, na miaka yote ile ndiyo iliyowasha taa na redio ya mashua. Nilifungua vifuniko na kupima asidi kwa lile bomba la kioo lenye kielea ndani. Vyumba vitano vilikuwa vimechoka. Cha sita kilikuwa kimekufa. Kielea kilizama chini na kubaki hapo.

"Huyu ni mzee, baba."

"Ndiyo maana namtaka. Huyo wako ni kijana, hajui kazi. Ukimfunga peke yake atahangaika, atavunja plau. Mfunge na mzee. Mzee anajua mstari unakwenda wapi, anajua wapi pa kugeuka. Msimu mmoja tu, kijana ameshajua."

Hivyo ndivyo maksai wanavyofundishwa kwetu, na nimeona kwa macho yangu. Dume kijana hafungwi nira moja na kijana mwenzake. Hufungwa na maksai mzee, mpole, anayemvuta anapokwenda upande na kumzuia anapotaka kukimbia. Baba alikuwa na sifa ya kufundisha ng'ombe. Watu walitoka hadi Didia kumletea madume yao. Jambo alilolisema lilikuwa la kweli kabisa, ila halikuhusu betri.

"Betri hazifundishani, baba."

"Nani kakwambia? Wenyewe?"

Tulicheka wote wawili. Hapo ndipo nilipotakiwa kuendelea. Ingechukua dakika moja. Ningechukua betri mbili na kipande cha waya, ningemwonyesha kwenye mita namna mpya inavyoshuka ikiunganishwa na mzee, na baba, ambaye hakuwa mtu mjinga hata siku moja, angeelewa. Nilifungua mdomo, nikaona jambo zima mbele yangu, nikaufunga. Niliona miezi miwili ya pampu nzuri, kisha mwezi mmoja wa pampu mbaya, kisha baba kwenye basi la Shinyanga na begi lake. Hakuna mtu ambaye angekuwa amemlazimisha. Yeye mwenyewe angekuwa amechagua, na mimi ningekuwa nimemtii.

"Haya, baba," nilisema. "Nitawafunga pamoja."

Nilivyopanga, kila kitu kingetokea taratibu, ufukweni. Pampu ingeanza kusuasua, wangeona, wangeacha kusafiri. Sikuliweka ziwa lenyewe kwenye hesabu zangu. Mimi ni mtu wa nchi kavu, sijui hata kuogelea.

Niliichaji kila moja peke yake kwa siku tatu, kwa umeme mdogo, maana chaji ya haraka huchemsha asidi na kupinda sahani zilizomo ndani. Niliongeza maji ya betri kwenye vyumba vya yule mzee, nikakwangua unga mweupe, nikapaka vichwa grisi. Nilikata nyaya nene zenye urefu sawa na kuzibana kwa koleo mpaka zikawa imara. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nadhani nilikuwa najaribu kuwa fundi mwaminifu kwa mikono, kwa sababu kwa mdomo nilikuwa nimeshindwa.

Niliondoka na baba kwa basi hadi Geita, na kutoka hapo hadi mwaloni, betri zikiwa wima katikati ya miguu yetu. Kesho yake asubuhi tulizifunga. Mwenzake alikuwa ametengeneza kasha la mbao chini ya mlingoti, juu kidogo ya mahali maji yanapokusanyika, lenye matundu ili gesi itoke. Tulizibana ndani kwa mipira ya matairi zisisogee mashua ikilala. Paneli ndogo ya kuzichaji tuliifunga nyuma, ambapo kivuli cha tanga hakifiki sana. Pampu ilikaa chini kabisa, na kielea chake kidogo. Maji yakipanda kinanyanyuka na kuiwasha, yakishuka kinaizima.

Walinitoa nje kidogo kunionyesha. Nilishika ubao kwa mikono yote miwili. Tanga lilijaa, mashua ikainama upande, na mbao zikaanza kulia. Wote watatu tulitazama chini. Maji yalijikusanya polepole, kielea kikanyanyuka, pampu ikanguruma, na mkondo mwembamba ukatoka ubavuni kurudi ziwani. Baba alitazama mkono wake wa kulia uliokuwa umelala pajani, kisha akanitazama mimi. Alikuwa amefurahi kiasi kwamba hakutania chochote. Nilimwona, nikajua kwamba ninamwona, na bado sikusema.

Kwa wiki kadhaa alinipigia kila Jumapili kuniambia habari za ng'ombe. Wanalima vizuri. Kijana anajifunza. Mwenzake, aliniambia, alikuwa ameanza kulala usingizi safarini, maana baba alikuwa hamsumbui tena achote. Nilijibu vizuri, nikauliza chakula, nikauliza mkono.

Kisha Jumapili moja akasema pampu imekuwa na sauti nzito asubuhi. Nikamwambia anitumie betri zote mbili kwa basi nizichaji. Zilifika, nikazitenganisha, nikazichaji, nikaziacha zikae siku nzima bila kuguswa kabla ya kupima, maana betri ikitoka tu kwenye chaji hudanganya. Mpya ilikuwa imepoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Bado ingeweza kuokolewa. Ningemrudishia hiyo peke yake, na kumwambia mzee amefariki, azikwe. Angesikitika kidogo, kisha angeendelea.

Nilizifunga tena pamoja na kuzirudisha.

Mara ya kwanza ninaweza kusema ilikuwa kicheko, ilikuwa heshima, ilikuwa kutaka kumpendeza mzazi. Mara ya pili sina la kusema. Nilikuwa nimekaa dukani peke yangu, mchana kweupe, na vipimo viko mbele yangu.

Aliyenipigia simu safari iliyofuata hakuwa baba, alikuwa mwenzake. Sikuwahi kuongea naye kwa simu hata siku moja. Alinisalimia kwa utaratibu, akaniuliza watoto, akaniuliza kazi, nami nikajibu yote. Ndipo akaniambia. Jana yake alasiri walikuwa wakirudi kutoka kisiwani na mzigo wa mihogo na abiria mmoja, mama muuza dagaa. Upepo ulibadilika katikati ya safari na mvua ikaja nyuma yake. Mawimbi yalianza kuingia juu, maji ya chini yakapanda, pampu ikawaka, ikatoa maji kwa muda, ikakohoa, ikanyamaza. Alijaribu kugusa nyaya. Zilikuwa nzima.

"Nyaya zako zilikuwa nzuri sana," alisema, na alimaanisha hivyo.

Hakuweza kuliachia tanga. Baba hakuweza kuuachia usukani, na hata kama angeuachia, mkono ule usingeinua kopo. Aliyechota ni yule mama. Alimwaga dagaa wake ziwani na kuchota kwa beseni lilelile, huku amepiga magoti, mpaka wakaona nchi kavu. Mihogo waliitupa yote. Mashua iligusa mchanga maji yakiwa usawa wa viti.

"Na baba?"

"Yupo. Amekaa. Haongei sana."

Nilifika siku iliyofuata. Baba alikuwa ameketi kwenye kitanda chake cha kamba, nguo zake chache zimekunjwa kando yake. Nilimsalimia, akaitikia. Sikumwona mtu aliyetishika. Nilimwona mtu aliyekwisha kuamua.

"Pampu imeshindwa," alisema. "Tulikubaliana."

Mashua alimwachia mwenzake. Hawakuagana kwa maneno mengi. Yule Mzinza alitubebea begi mpaka kituoni, akasimama pale mpaka basi lilipogeuka. Kabla ya kuondoka nilimtafuta mama muuza dagaa. Nilimkuta akitandaza nyavu za kuanikia, viganja vyake vyote viwili vimefungwa vitambaa. Nilimshukuru. Alinipa pole ya baba yangu. Sikumwambia mimi ni nani katika jambo lile zaidi ya kuwa binti wa yule mzee.

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Baba alirudi Samuye, akapewa chumba chake cha zamani, akawa anakula chakula cha moto kilichopikwa na mke wa kaka. Nilianza kulala usingizi. Namba nisizozijua zilipoita nilipokea bila kuangalia. Lakini kila nilipokwenda kumtembelea nilimkuta akinitetea. Wageni walimuuliza ilikuwaje, na yeye aliwaambia kwamba binti yake alimchagulia betri safi na kumwonya waziwazi kwamba betri hazifundishani, ila yeye na kichwa chake cha ng'ombe hakusikia. Alisimulia vizuri. Watu walicheka. Mimi nilikaa pale na kikombe cha chai, nikiwa mtoto mwema wa hadithi ile, na nilianza kuchukia kwenda.

Niliivumilia miezi saba. Siku niliyomwambia ilikuwa asubuhi, watu wote wa nyumbani wako shambani, tumekaa uani mimi na yeye tukibangua karanga. Alikuwa amejifunza kuzibana kwa magoti na kuzivunja kwa mkono wa kushoto, na alikuwa mwepesi karibu kama mimi.

"Baba, zile betri. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua mzee atamuua kijana. Nilijua tangu dukani. Uliponitumia nizichaji nilipima, nikaona, nikazifunga tena. Sikukuonya. Nilisema neno moja tu la kicheko nikanyamaza makusudi."

Aliendelea kubangua. Nilihesabu ganda moja, la pili, la tatu.

"Kwa nini?"

"Nilitaka urudi nyumbani."

"Wewe, au kaka yako alikutuma?"

"Mimi. Kaka hajui."

Aliweka mikono juu ya magoti, wa kushoto juu ya wa kulia. Nilingoja anikaripie. Nilitaka anikaripie, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo miezi yote.

"Yule mama ana watoto wanne," alisema. "Nilikuwa namtazama anachota. Hakuniangalia hata mara moja. Nilikuwa nikisema moyoni, mimi namuua mtu kwa ubishi wangu. Miezi yote hii nimekuwa nikisema hivyo."

"Nisamehe, baba."

Kuku aliingia kwenye karanga, baba akamfukuza kwa mguu.

"Siku ile ya kikao," alisema, "mliongea maji. Mkaongea pampu. Mkaongea mkono wangu. Nami nilikaa pale nikisubiri mmoja wenu aniambie, baba, rudi nyumbani, tunakutaka. Hata mimi nilikuwa nimechoka, ng'wanawane, mwanangu. Nilikuwa naogopa yale maji. Lakini mtu harudi kwa sababu ya pampu. Ungeniambia tu, ningerudi nawe kwa basi lilelile."

Nikasema sikujua kama ninaruhusiwa kumwambia. Ilikuwa kweli, na ilisikika ndogo sana pale uani.

Alinyanyuka, akakung'uta maganda kwenye suruali, akaingia chumbani kwake. Mchana nilipika mimi, ugali na mlenda anaoupenda, nikampelekea mwenyewe na maji ya kunawa. Jioni nilikuta sahani ilivyokuwa, imefunikwa, na maji hayajaguswa.